Moyo Mpya wa Sentimita

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeitwa Sentimita. Hakuhitaji tepu. Ukiingia tu mlangoni, alishajua kiuno chako, na kama umenenepa alikwambia mbele za watu.

Miaka mitatu iliyopita moyo wake ulichoka. Akapandikizwa mwingine, moyo wa mtu aliyefariki. Upasuaji ulifaulu. Narudia: upasuaji ulifaulu. Sentimita akapanda ngazi tena bila kuhema.

Lakini kichwa hakikurudi kama zamani. Koti la kwanza aliloshona baada ya upasuaji, la bwana harusi, alilitia mikono miwili ya kushoto. Bwana harusi akalivaa kwa mzaha, akapiga picha. Picha ikazunguka kwenye simu za wateja mpaka ikamfikia Sentimita mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa analala mchana kutwa, uso ukutani.

“Aliniambia, ‘Mdogo wangu, akili yangu inavuja,’” anasimulia mdogo wake, aliyekuwa akimuuguza. “Nikamjibu, dada, mtu amekufa ndiyo wewe ukaishi, halafu unalilia mikono ya koti? Acha kudeka.”

Hakulalamika tena. Kliniki, daktari alipouliza hali, mdogo mtu ndiye aliyejibu: mzima kama kigongo. Moyo ukapimwa. Kichwa hakikupimwa, wasikilizaji. Hakuna aliyeuliza.

Kuna dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo mpya. Ni za kila siku, saa ileile. Siku nyingine Sentimita alizinywa mara mbili. Siku nyingi hakuzinywa kabisa, na akiulizwa alisema amekunywa. Labda aliamini hivyo. Labda aliogopa kusemwa. Mdogo wake alikuja kuzikuta kwenye mfuko wa aproni, vidonge zaidi ya sitini. Wakati huo dada yake alikuwa amelazwa. Mwili ulishaukataa moyo.

“Alinishika mkono, akaniuliza mimi ni nani,” anasema mdogo wake. “Kabla sijajibu akaninong’oneza: ‘Usimwambie mdogo wangu kwamba nasahau. Atanigombeza.’”

Alifariki asubuhi iliyofuata. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Poleni sana wafiwa. Pole zaidi kwako, mdogo wa marehemu, uliyekubali kuyasema haya kwa kinywa chako. Nasi tuliobaki, huenda nyumbani yumo mgonjwa ambaye kila siku anaambiwa ashukuru. Tumuulize leo kichwani kukoje. Akianza kujibu, tusimkatishe.