Silvanus Wekoye, Mtu Aliyekuwa Ndani ya Debe

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Kabuchai, na ninyi mliotoka Kitale kukiwa bado na umande, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla ya kusomwa lolote inawaomba jambo moja tu, kwamba walau leo marehemu asiitwe Debe, kwa sababu aliyelala hapa mbele yetu ana jina lake, naye ni Silvanus Wekoye Mukhwana.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1960 hapa Kabuchai, kitinda mimba wa marehemu Mzee Mukhwana na marehemu Mama Nasike, akaanza shule ya msingi papa hapa mwaka wa 1967, na mwezi wa Agosti 1974 akatahiriwa uani kwa baba yake, akasimama mbele ya ngariba bila kupepesa hata kope, uso mkavu, mpaka wajomba zake wakarusha kofia juu na kumtunukia mtamba wa ng'ombe. Sifa hiyo ya uso usiotikisika ilimfuata hadi Kitale, alikomaliza sekondari mwaka wa 1977, na ndiyo iliyomponza.

Mwaka wa 1979 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la mahindi Moi's Bridge, akahamishiwa Kitale 1982, na huko, jioni baada ya kazi, akajiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikitayarisha mchezo wa televisheni ulioitwa Wageni wa Elgoni, habari za watu wa sayari nyingine walioteremka na chombo chao katika mapango ya mlima wetu. Walihitaji roboti, mtu awezaye kusimama kama kigingi huku wengine wakisema, na mwenzake mmoja aliyetoka huku kwetu akaikumbuka ile Agosti, basi fundi wa mabati akamkatia kofia kutoka debe la mafuta ya kupikia, akaikaza hata siku ya kwanza ikakataa kutoka kichwani, marehemu akanyweshwa chai kwa mrija hadi fundi aliporudi na mkasi wake. Mchezo ulionyeshwa kuanzia 1985 hadi 1987, nchi nzima ikampenda Debe, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeuona uso wake.

Tarehe 12 Disemba 1987 alifunga ndoa takatifu na Bi Agneta, na hata mchungaji siku hiyo alijisahau akamwuliza, "Debe, je, wamkubali Agneta?" kanisa likaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, ingawa mjane wake, Mama Agneta, anasema kwamba baada ya karamu alimkuta jikoni ameketi peke yake. Mungu aliwajalia Phelista mwaka wa 1989 na Protus mwaka wa 1992, ambao shuleni waliitwa watoto wa Debe. Marehemu aliomba kuigiza baba, akaomba kuigiza chifu, akaomba hata kuigiza mwizi, na kila mara alipewa kitu cha kufunika kichwa. Jamani, huyu alikuwa mcheshi kuliko mtu yeyote katika ukoo huu, mwenye kicheko cha kuwatimua kuku kwenye viota, na alichokitaka, alichokisema wazi mezani mwaka baada ya mwaka, ni kuonekana siku moja kwenye televisheni akicheka kwa uso wake mwenyewe.

Alistaafu mwaka wa 2020. Mwaka uliofuata hatua zake zilianza kukazika na mkono wa kulia ukaacha kupunga, na kila alipopita sokoni Kitale watu walimpigia makofi wakisema, "Ati Debe amerudi! Hebu tembea tena, bana, watoto waone!" na hata nyumbani ikadhaniwa ni utani wake, hivyo hakuna aliyemkimbiza hospitalini.

Mwezi wa Juni 2023 alitembelewa na Bi Jelagat, mtayarishaji kijana, mzaliwa wa Kapsokwony, aliyepata idhini ya kuutengeneza mchezo ule upya kwa watazamaji wa siku hizi, wanaotazama kwenye simu. Chombo na sayari vingetengenezwa na kompyuta, lakini Debe alimtaka yule yule, na alipomwona anavuka ua alishika kichwa kwa furaha akasema, "Mzee, usibadilishe kitu. Hiyo mwendo ndiyo watu wanataka." Marehemu alikubali kurudi ndani ya kofia kwa sharti moja, kwamba mwisho kabisa wa mchezo aivue, acheke.

Tarehe 14 Machi 2024, juu Kapsokwony, kofia ilivuliwa mbele ya kamera, na uso wake ukakataa. Akajaribu, akajaribu tena, machozi yakamtiririka kwenye mashavu yasiyosogea, na watu wote waliokuwepo wakapiga makofi, Bi Jelagat akamkumbatia akisema, "Kali sana, mzee! Si uso imekauka kama chuma!" Sauti yake ilikuwa imekwisha kufifia, hakuweza kuwaeleza. Katika umati ule ni Mama Agneta peke yake ambaye hakupiga makofi.

Mwezi wa Mei daktari mmoja mjini Bungoma aliutambua ugonjwa wa Parkinson, unaokaza viungo na uso vilevile. Bi Jelagat alipopata habari alikuja hapa mbio, akilia, akamwambia, "Mzee, kompyuta inaweza kukuwekea kicheko, picha zako za zamani ziko, hakuna mtu atajua." Marehemu alichukua muda mrefu kulijibu hilo, neno kwa neno. "Wacha. Hiyo itakuwa ya kompyuta. Mimi nilicheka siku hiyo. Agneta aliona."

Alizidiwa mwezi wa Agosti 2025, na alfajiri ya tarehe 9 Septemba akaaga dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bungoma, majirani waliombeba hadi barabarani mvua ilipokata njia, wenzake wa ghala la Kitale na Moi's Bridge, kanisa, na Bi Jelagat, ambaye ameliacha onyesho lile kama lilivyo. Mchezo utaonyeshwa mwezi wa Disemba, na mtakapofika mwisho, tafadhali msimsifu kwa ugumu wa uso, mtazameni macho, kwa maana alikuwa anawachekea.

Pumzika kwa amani, Silvanus Wekoye, umeshatoka.