Vigae vya Miaka Mia Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri. Waheshimiwa madiwani mlioketi kwenye viti vyenye mito. Ndugu wageni waalikwa mlioketi kwenye viti visivyo na mito. Na nyinyi majirani zangu mliosimama juani: salamu zangu ziwafikieni nyote, tena leo zianzie huko nyuma.

Nimeambiwa niseme maneno machache ya kuaga. Nimeitunza nyumba hii ya kale miaka thelathini na miwili, nimewatembeza wageni vyumba vyake mpaka mkaniita Mama Funguo, kwa hiyo hayo machache mtanivumilia.

Nianze na pongezi. Hongera, Mheshimiwa, kwa vigae vya mlangoni. Vinang'aa kweli kweli! Asubuhi nimemwona katibu wako akivipanda kwa madoido, akavishuka kwa makalio. Pole, Katibu, natumaini mto wa kiti unasaidia.

Wageni, labda hamjui kilichokuwepo hapo. Palikuwa na ngazi ya mawe, vidato kumi na kimoja, kila kidato kimelika katikati kwa nyayo za wanawake waliopanda na maji vichwani, kizazi baada ya kizazi. Mji wetu ni mdogo. Hauna mlima wa kupigiwa picha wala hoteli ya ghorofa. Una vichochoro viwili, milango michache ya kuchongwa, na ulikuwa na ngazi hiyo. Mwaka juzi alikuja mgeni asiyeona. Nikajiuliza, huyu nitamwonyesha nini? Akavua viatu, akapanda polepole, akafika juu analia. Akaniambia, "Mama, walikuwa na miguu midogo kuliko yangu." Mimi mwenye macho mawili sikuwahi kuliona hilo.

Kamati ya Utalii, watu saba wazima, ikaitazama ngazi hiyo hiyo ikaona uchakavu. Nilipouliza, mhandisi wao alinijibu mbele ya watu: "Mama, wageni wakiona mawe yamelika hivi watatuona maskini. Tumewaondolea aibu." Aibu ya nani, mwanangu? Mtu asafiri siku nzima aje kukanyaga kigae kama cha bafuni kwake?

Tena walipokwisha kung'oa, wakasimamisha kibao: "Ngazi ya Kale, Miaka Mia Tatu." Kiko pale, kisomeni. Mshale wake umeelekezwa kwenye vigae!

Mngekuwa mnanidanganya mimi ningecheka tu, maana naondoka. Lakini anayepokea kazi yangu ni binti wa kaka yangu, yule pale mwenye sare mpya. Juzi aliniuliza, "Shangazi, mgeni akitaka kujua mawe yako wapi, nimwambie nini?" Nimemfundisha tangu ana miaka kumi asiongeze hata neno moja kwenye historia ya nyumba hii. Leo mnamkabidhi uongo aukariri mara sita kwa siku, huku anatabasamu. Hilo limeniuma, waheshimiwa. Limeniuma kuliko ngazi yenyewe.

Karatasi ya makabidhiano ninayo hapa. Mstari wa tisa umechapwa hivi: "Ngazi ya mawe, halisi, ipo mahali pake." Karatasi hii isipokuwa na sahihi mbili, yangu na ya Mwenyekiti, hakuna makabidhiano, na mlango huu leo haufunguliwi. Basi mstari huo nimeukata. Nimeandika kwa mkono wangu: "Mawe kumi na moja yako uani kwa fundi mwashi, aliyeagizwa ayavunje kokoto akakataa. Yarudishwe." Sahihi yangu nimeshatia. Fundi, simama wakuone. Asante sana, baba.

Nafasi iliyobaki ni yako, Mheshimiwa. Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Sasa mpeni Mwenyekiti macho yenu. Kalamu hii hapa.