Historia ya Silvanus Khisa, Aliyekusanya Kadi za Sanamu za Skauti

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Nangila, kitinda mimba wa marehemu, na kamati ilikata paragraph moja ya hii historia, eti programme imejaa, ilhali wanasiasa walipata space ya picha, kwa hivyo nitaisoma tu yote, na hiyo waliyokata.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 kwa nyumba za reli, Nakuru, akasoma hapo hapo, akajiunga na skauti, na mwaka wa 1970 skauti mwenzake wa Kansas akamtumia postcard ya Statue of Liberty ndogo, yule mwanamke wa kijani mwenye taji na mwenge, moja ya zile skauti wa Marekani walisimamisha miaka ya hamsini mbele ya mahakama na shule za miji yao. Kuanzia hapo akakusanya kadi za sanamu hizo, hata akiwa welder wa mabomba ya mvuke wa kuzalisha umeme Olkaria, 1984 hadi 2017.

Alimwoa Mama Nasimiyu tarehe 6 Disemba 1986, wakabarikiwa na Shantel na mimi, na jioni alitandaza kadi kitandani akitupeleka mji hadi mji, hapa theluji, hapa njiwa amelala juu ya taji, hapa mwenge umepotea na hakuna mtu ameuliza, mpaka tukaota mwanamke wa kijani akitembea polepole ndani ya mvuke wa Olkaria. Ile kubwa ya New York hakuitaka, alisema hiyo ina watu wa kutosha.

Alilazwa na mapafu tarehe 3 Januari 2026, na asubuhi ya tarehe 11 akaomba nimshikie kadi ya theluji kwa mwanga wa dirisha, akauliza kama huko kumekucha, nikasema bado, akafunga macho.

Sasa Baba Mdogo Makhanu aliamua kadi zizikwe naye, akaniambia, "Na hiyo degree yako huna kazi, makaratasi ya wazungu utakula?" Ni ukweli, Baba Mdogo, nimetarmac nikitafuta kazi miaka minne, lakini kwetu vitu vya mtu hugawiwa siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakishanyolewa, havifichwi kwa jeneza, so leo mochari nilizitoa chini ya mto wake, na siku hiyo ya kugawa nitaomba mbele ya wote nipewe mimi.

Tunashukuru madaktari na manesi, majirani zetu wa mtaa wa Kihoto waliotubebea vitu ziwa lilipofurika likaingia nyumba, na wenzake wa Olkaria.

Pumzika kwa amani, Baba, kadi ziko na mimi.