Milango Kumi na Minne ya Manay Nila

Baba paroko, majirani wa Pandanan, na nyote mliovuka bahari kuja kutuzikia, familia imenituma mimi Eusebio Tatel, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na mnaonifahamu mnajua kwamba sikustahili kutumwa.

Leonila Isuga Tatel, ambaye wadogo kwa wakubwa tulimwita Manay, yaani dada, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa hapa Pandanan, kisiwani Catanduanes, binti wa mzee Crispulo, mchuna abaka, ule mgomba wa nyuzi za kamba, na mama Vicenta, na tangu utotoni hakujua kutulia, upepo ukigeuka tu alikuwa keshatoka nje na wali mdomoni kuutazama. Alimaliza shule ya msingi ya kijijini mwaka 1961 na sekondari mjini Virac mwaka 1965, akasomea hali ya hewa Manila, na mwaka 1970 akaanza kazi katika kituo kidogo kilichoko kilimani, juu ya nyumba zetu. Huko alipima amihan, upepo wa kaskazini-mashariki wa Desemba, habagat, ule wa kusini-magharibi unaotumwagia mvua kuanzia Juni, na kile kijiupepo chetu cha mlimani kinachowadanganya hata wenye vyombo vya kupimia, na zamu nzima hakukaa kitini.

Tarehe 6 Februari 1974 alifunga ndoa na kaka yangu Silverio, seremala, wakajaliwa Amparo mwaka 1975 na Rogelio mwaka 1978. Silverio alizoea kumtania, "Nila, wewe utaona kimbunga hata kwenye kikombe cha kahawa," naye akimjibu, "Basi kinywe upesi kabla hakijakufikia."

Tarehe 12 Novemba 1983 kimbunga kilitupiga tangu alfajiri kutoka kaskazini, nasi kwa desturi yetu tulipigilia mbao madirisha ya kaskazini na kuacha wazi ya kusini, ili nyumba ipumue isipasuke. Saa tano asubuhi upepo ukakatika ghafla, jua likatoka, watu wakapanda mapaani kugongelea mabati huku wakicheka. Manay Nila, kwa kipimo kilichokuwa mbele yake, alijua kwamba tumo ndani ya jicho la kimbunga, na kwamba upepo utarudi kutoka kusini na kuingia moja kwa moja tulikouachia nafasi. Aliacha zamu, jambo lililompatia barua ya onyo, akateremka mbio akigonga kila mlango wa njiani, akipiga kelele, "Shukeni! Fungeni kusini, fungueni kaskazini!" Aligonga milango kumi na minne, wa tisa ukiwa wa bibi ya watoto wake, ambako walikuwa siku hiyo, na nyumba zote hizo zilisimama. Mlango wa kumi na tano, kule ufukweni, ulikuwa wake mwenyewe, na upepo ulimtangulia kufika. Silverio alikuwa juu ya paa.

Siku ya maziko ya kaka yangu nilimuuliza mbele ya watu, "Kwa nini hukumkimbilia mumeo kwanza?" akanijibu, "Shemeji, ningewapitaje watu milangoni mwao na huku najua?" Sikulikubali jibu hilo, nikamkatia salamu kwa miaka thelathini na minane, nikimwona njiani navuka upande wa pili, naye kila kimbunga kilipokaribia alimtuma Amparo aje kuniambia dirisha lipi nifunge, nami nililifunga bila kushukuru.

Alistaafu mwaka 2008, akaanza kusumbuliwa na moyo mwaka 2019, akalazwa Virac tarehe 20 Januari 2022, ambako nilifika mara mbili nikaishia langoni, na akafariki tarehe 9 Februari, saa kumi jioni, akiuliza upepo unatoka wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza kutoka kituoni kilimani, walikomuagia.

Shukrani iliyobaki ni yangu, na nimechelewa nayo. Mlango wa kwanza aliougonga siku ile ulikuwa wangu, nami nilikuwa paani na nyundo, nikamcheka, nikamwambia, "Nenda kamtishe mumeo!" akakataa kuondoka, tukabishana mpaka aliponiteremsha kwa nguvu, mimi, mke wangu na wanangu watatu tukapona, na muda nilioupoteza kwa ubishi ndio ambao kaka yangu aliukosa. Nimelijua hilo miaka yote. Nisamehe, Manay, na upumzike kwa amani, upepo wa leo tutauangalia wenyewe.