Ncha Mbili za Mfupa Mmoja

Macho hayana pazia, na masikio ya Bi Sawako basini nayo hayakuwa nalo. Mbele yake waliketi dada wawili waliotoka kuuchoma mwili wa marehemu baba yao, kwa desturi ya Kijapani. Mkubwa alikuwa amepakata chungu cha mifupa yake iliyosalia motoni.

"Shangazi katuita *ryokyokutan* mbele za watu!" mdogo alilalama. "Ati tuko ncha mbili: mimi nalia kupita kiasi, wewe hata chozi."

"Kakosea wapi? Baba nimemwogesha mimi, wewe uko Osaka. Leo ndiyo unajua kulia?"

"Nina uchungu, dada!"

"Ndio uliokufanya uachie vijiti vya kuokotea mifupa majivuni? Mfupa tuliushika wawili, kama mila itakavyo, ukaniachia peke yangu. Kama kawaida yako."

Basi likasimama stesheni. Mdogo akashuka akilia. Mkubwa akakiweka chungu kwenye kiti kilichobaki wazi, akakifunga mkanda.