Nani Atashika Chuo cha Kituntu

Sikilizeni, wanangu. Mwanamisi binti yangu, Maua mjukuu wangu, niapieni kwamba nitakayosema hayatoki nje ya chumba hiki. Mmeapa? Haya, fungueni mlango, wanaume walioko barazani waingie wote. Mlioapa ni nyinyi, mimi sikuapa.

Karibuni. Othman, mkubwa wa wafanyabiashara, keti hapa. Na wewe Mwalimu Zubeiri, usijifiche mgongoni mwa watu; shika karatasi hii, ni Yasini, utanisomea baadaye.

Mume wangu Shaaban alipokufa, mwaka ule sotoka ilipomaliza ng'ombe, watoto wa chuo chake cha Kurani nilikuwa nikiwasomesha mimi. Sikusoma sana, lakini nilisoma. Ukasema wewe Othman, kwa mdomo huo huo unaotafuna punje za kahawa: "Bibi, kazi ya dini inataka ndevu." Nikakujibu kwamba hata beberu anazo. Mkamleta huyu Zubeiri kutoka Tabora, ndevu tele, na mimi mkaniachia kuosha maiti wa kike na kumenya ndizi za hitima.

Siku ya tatu akanijia uani, analia: "Mama, nisitiri. Mimi nilishika kwa masikio tu, kusoma sijui." Tangu hapo mbao za watoto naziandika mimi, makombe ya aya wanayokunywa wagonjwa naandika mimi, naye barazani ananguruma kwamba mwanamke akishika kalamu baraka hukimbia! Leo Maua, aliyehitimu msahafu, ananyimwa hata wasichana wa kuwasomesha, kwa ulimi wa mnafiki huyu. Kinyongo hiki siendi nacho kaburini. Pale ni padogo, hatutaenea sote wawili.

Migomba ya Kimuli ni ya Mwanamisi. Nioshwe na Maua, asinishike mwingine. Maua, Mungu akupe pumzi ndefu na wanafunzi wengi, na adui zako awape kigugumizi... Nipeni maji. Kidogo tu.

Mwalimu, karatasi niliyokupa ulipoingia, nikakwambia ni Yasini... nisomee, roho inaondoka. Inua sauti. Fuatisha kwa kidole, kama wafanyavyo wasomi... Vizuri. Hivyo hivyo, usisite.

Othman, simama nyuma yake. Wewe barua za mizigo unazisoma. Soma kilichoandikwa hapo... kwa sauti, baba, masikio yangu yanakwenda.

"Chuo cha Kituntu... namwachia... Maua."

Mmesikia, jamaa? Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu. Na mtazameni, Yasini bado inamtoka... kidole kimekwisha kuyapita maandishi, sasa kinasoma karatasi nyeupe.