Kobe Hakuuawa na Pikipiki

Kabla ya kusema marehemu alizaliwa lini, familia inaomba kwanza liondolewe neno moja lililofika hapa makaburini kabla ya jeneza. Marehemu hakuuawa na pikipiki. Habari hiyo imezunguka tangu Jumapili kwenye simu za watu wenye vidole vyepesi, na kati ya wote iliowafikia, aliyeiamini zaidi ni binti yake wa mwisho, ambaye ni mkunga. Aliiamini hata akaandika barua ya kurudisha pikipiki ya kazi aliyopewa na zahanati, asiipande tena maisha yake yote. Barua hiyo ilikaa siku tatu kwenye mkoba wake. Kwa hiyo maisha haya yatasomwa polepole, na wenye haraka wanaweza kutangulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe, fundi wa kushona magunia. Mkunga aliyempokea alikuja kwa miguu, akaondoka kwa miguu, na hakuomba kupigwa picha na mtoto. Marehemu alichelewa sana kutembea. Mama yake alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba mtoto si mvivu, anatazama kwanza jinsi wenzake wanavyoanguka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kwenye darasa lililopakana na machimbo ya kokoto, ambako mwalimu alilazimika kukatiza sentensi kila baruti ilipolipuka, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Baba yao alipougua mapafu, marehemu na kaka yake mkubwa waliacha shule mwaka mmoja na huo huo. Elimu iliyobaki waliiokota wenyewe, hasa kwenye magazeti ya kufungia sabuni, na ndiyo sababu ndugu hao wawili walijua mwanzo wa habari nyingi za dunia bila kujua mwisho wake. Lakini mwandiko wa marehemu ulisimama wima kama askari wa gwaride. Siku hizi mtoto akipewa kalamu anaipapasa akitafuta pa kuiwashia.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa posta kuwa tarishi wa kupeleka barua kwa baiskeli. Wasiomjua tarishi wa baiskeli waelezwe, maana kazi hiyo imekufa kabla yake. Tarishi wa zamani hakusimamisha baiskeli ndipo ashuke. Hatua kumi kabla ya mlango wa mtu, alipitisha mguu wa kulia juu ya tandiko, akasimama kwa pedali moja ya kushoto, barua tayari mkononi, na baiskeli ikateleza naye hadi kizingitini. Alipokanyaga chini, alikuwa ameshabisha hodi. Marehemu alishuka hivyo mara arobaini kwa siku kwa miaka zaidi ya sita, na akina mama walitoka nje si kwa ajili ya barua tu bali kumwona anavyoshuka.

Tarehe 3 Septemba 1979 zililetwa pikipiki nne nyekundu. Mafunzo yalichukua asubuhi moja. Mchana wake marehemu alitoka kujaribu mzunguko mmoja, akiwa na kaptula ya kazi na makubazi, akarudi posta bila tatizo lolote, wenzake wakiwa wamepanga mstari ukutani kumtazama. Hatua kumi kabla ya mlango, mguu wa kulia ukafanya ulichozoea. Ulipita juu ya tandiko. Marehemu akawa amening'inia upande mmoja, mkono wa kulia ukiwa bado umekaza mafuta. Akashuka kwa madaha, akakanyaga chini, akaanguka, akaburuzwa hatua tatu, ndipo akaachia. Pikipiki haikuwa na habari kwamba safari imekwisha. Iliendelea peke yake, ikapanda ngazi mbili, ikaingia kwa mlango wa wateja na kulala juu ya mzani wa vifurushi.

Karani wa dirisha la stempu, msichana asiyecheka ovyo, aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. Aliutazama mzani, akamtazama marehemu aliyekuwa akitambaa kizingitini.

"Kifurushi hiki kinakwenda wapi, kaka?"

"Samahani, dada."

"Samahani si anwani."

Mkuu wa posta alitoka ofisini mwake mbio. "Wewe! Hukuambiwa ina breki?"

"Niliambiwa, mzee. Lakini nilishashuka."

Ngozi ilikuwa imetoka kuanzia gotini hadi kifundoni, na kiwiko kilibaki chekundu kama nyama ya buchani. Karani alimsafisha kwa maji ya bakuli la kulowanishia stempu, huku akihudumia foleni kwa mkono mwingine, na kila mteja akapata nafasi ya kutoa ushauri wake. Jioni hiyo marehemu alikwenda kwa fundi viatu wa mtaa wa pili, akiwa amesimama kwa sababu hawezi kukaa, akamwambia: "Mzee, nataka unishonee ngozi nyingine juu ya hii iliyobaki."

Fundi viatu hakucheka. Mafundi wa siku zile walisikiliza kwanza. Alipasua ngozi ya kochi kuukuu akashona jaketi, akatia vipande vya tairi vilivyofunikwa kwa sponji kwenye viwiko na mabega, akatengeneza vikinga magoti vya kufunga kwa mikanda, na buti zilizopanda hadi katikati ya muundi. Kofia ngumu marehemu aliipata kwa mzimamoto mmoja aliyestaafu. Alipoibuka posta asubuhi ya Jumatatu akiwa amejifunga vyote hivyo, hakuweza kugeuza shingo bila kugeuza mwili mzima. Hapo ndipo alipoitwa Kobe, na jina la kwenye kitambulisho likabaki kwa mhasibu tu.

Alivaa hivyo miaka thelathini na tatu. Mvua ilinyesha juu yake, na jua lilimpika ndani yake.

"Kobe, joto hili lote! Umetumwa?"

"Jasho hukauka, ndugu yangu. Ngozi fundi wake ni mmoja tu, naye haonekani kwa miadi."

Leo vijana wanapita na kofia ngumu imetundikwa mkononi, kana kwamba ubongo uko kiwikoni. Wengine wanapanda na kandambili, kidole gumba kimetangulia mbele kuangalia njia. Marehemu hakuwatukana. Alikuwa akisimama kando yao kwenye taa, anafunua kioo cha kofia yake, na kuwauliza kwa upole kama wana ndugu anayejua kupaka dawa mgongoni.

Mwaka 1986, kwenye kona ya barabara ya vumbi iliyomwagiwa mchanga na lori, aliteleza hatua ishirini kwa ubavu kama kipande cha sabuni sakafuni. Alinyanyuka, akajikung'uta, akahesabu vidole, vikatimia. Barua ya rejista aliyokuwa nayo aliifikisha dakika kumi baadaye kwa bibi mmoja mjane.

"Mbona barua ina mchanga, baba?"

"Afadhali mchanga, bibi. Tia sahihi hapa."

Yule karani wa dirisha la stempu alikuwa binti wa fundi viatu. Marehemu hakulijua hilo siku aliyokwenda kupimwa jaketi, na alipolijua alianza kuharibu vikinga magoti vyake mara kwa mara. Alikuwa navyo vitatu kwa ukarabati wakati mmoja, na fundi akamuuliza ana magoti mangapi. Walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1982. Siku hiyo alifika kwa pikipiki, suti ndani, jaketi la kochi juu, kofia kichwani, akaingia ukumbini hivyo hivyo. Baba mkwe akasema, "Mvueni kwanza, tujue tunayemwoza." Mkewe alimwekea sharti moja tu, na hakulirudia tena katika miaka arobaini na moja ya ndoa yao: arudi nyumbani akiwa kipande kimoja. Walijaliwa watoto watatu. Kila jioni mama aliwaambia wakamfungulie baba mikanda, mmoja goti hili, mmoja goti lile, na huyu wa mwisho alipewa kazi ya kofia.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Barua zilikuwa zimeshakwisha kabla yake. Miaka yake ya mwisho alipeleka ankara na vitisho vya mawakili, na hakuna mama aliyetoka nje kumtazama akishuka. Jengo la posta sasa linauza vifuniko vya simu.

Novemba 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi kwenye ngazi. Hospitalini alielezwa kwamba moyo umepanuka.

"Mzee, umewahi kuanguka?" daktari alimuuliza.

"Unataka kwa mwaka au jumla?"

Alikatazwa kuendesha. Alitii, ingawa kwa mwezi mzima alikuwa akienda kukaa juu ya pikipiki iliyozimwa, na mkewe akijifanya haoni. Kisha Oktoba mwaka jana zahanati ikampa binti yake pikipiki, maana kina mama anaowahudumia wanakaa mbali na barabara ya gari. Baba akapata kazi tena. Kila Jumapili alivaa jaketi, vikinga, buti na kofia, akaketi kwenye kiti cha plastiki kibarazani, akafundisha akiwa amekaa. Mkewe alipomuuliza kiti kitamwangushia wapi, alisema mwalimu asiyevaa hana mwanafunzi anayevaa.

Siku ya kwanza binti aliinamisha pikipiki kidogo tu ikiwa imesimama, ikamlemea, naye akang'ang'ania kuizuia hadi mgongo ukalia.

"Iachie! Iachie, mama!" baba alifoka. "Chuma kina fundi kila kona. Ikitaka kulala, ipishe ilale. Wewe tazama mtu kwanza, chuma baadaye."

"Lakini ni mali ya zahanati, Baba!"

"Na wewe ni mali ya nani?"

Alifariki Jumapili tarehe 18 Februari 2024, saa nne na robo asubuhi. Kwa kuwa hapa ndipo wengi wenu mlipopotea, itaelezwa kama ilivyokuwa. Binti alikuwa akizunguka ndoo mbili uani kwa gia ya kwanza. Mkewe alikuwa ameketi kando ya marehemu akichambua mchele. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alisikia kishindo, akachungulia, akaona pikipiki imelala, petroli inadondoka, na Kobe amelala chini na kofia yake. Hakuuliza. Zamani mtu alipiga hodi kwanza, hata kama ni mmbeya. Huyu aliwapigia watu kumi na wawili kabla maji hayajaletwa.

Jumatano mchana, kaka wa marehemu alipokaa na familia kuandika wasifu huu, alimuuliza binti chanzo cha kifo kiandikwe vipi.

"Andika ajali," alisema. "Na uandike nani aliyeisababisha. Niliiangusha, kile kishindo kikamsimamisha moyo. Daktari anasema moyo ulikuwa umechoka. Daktari hakuwepo."

Mama yake akaweka kikombe chini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote tangu Jumapili. Watu walikuwa wakiuliza simu zao.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Kishindo ulikisikia ukiwa wapi?"

"Pale uani."

"Uani wapi? Ulikuwa umeshika nini?"

Binti akafikiri. "Nilikuwa nimemshika Baba."

"Kwa mikono mingapi?"

"Yote miwili."

"Basi pikipiki uliishika kwa nini, mwanangu? Kwa meno?"

Mama ndipo akaeleza: marehemu alikuwa akimtazama binti akiikaribia ndoo ya pili. Alisema, "Umeona, mama watoto? Amepunguza kabla ya kona." Kisha ile kofia ikamwegemea mkewe begani. Alidhani ni utani, maana ilikuwa nzito na marehemu alikuwa na mazoea hayo. Aliita jina lake mara mbili. Binti, hatua tano kutoka pale, akageuka kwa sauti hiyo, akaachia kila kitu na kukimbia. Wote wawili walikuwa wameshamshusha chini ndipo pikipiki, iliyokuwa ikijiendea yenyewe, ikalifikia pipa la maji na kulala. Marehemu hakukisikia kishindo hicho. Alikuwa ameshaondoka, akiwa ameridhika na kona.

Binti alilia hadi adhana ya alasiri ikapita, kisha akaitoa ile barua mkobani na kuichana vipande ambavyo hakuna tarishi angeviunga. Asubuhi ya Alhamisi alikwenda kazini kwa pikipiki, amevaa kila kitu.

Marehemu ameacha mjane, karani mstaafu; mtoto wa kwanza, fundi umeme; wa pili, mwalimu wa hesabu; wajukuu saba; kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia binti yake wa mwisho, ambaye kwa ombi lake mwenyewe ameandikwa hapa kuwa mkunga na mwendesha pikipiki. Aliomba vilevile idadi ya mara alizoiangusha isitajwe. Ni nane. Ile ya Jumapili hakuiangusha. Aliiachia, kama alivyofundishwa.

Mwalimu wake na apumzike kwa amani.